Bibi Zamu wa Mfereji wa Kidete

Alizaliwa wapi, mwaka gani, mtoto wa nani, msiniulize. Sikujua wakati ule na sijui leo. Mimi nilianza na sauti yake. Jamani, sauti ile! Umekaa ofisini, juu kidogo ya stesheni ya Kidete, unakuna kichwa juu ya barua ya Katibu Kata, mara unasikia: "Baba Mapacha! Amka, maji yanakupita hayo!" Basi hata wewe usiye na bustani unajikuta umesimama wima na kalamu mkononi. Baba Mapacha mwenyewe yuko mbali huko, lakini kasikia. Kijiji kizima kimesikia. Tulimwita Bibi Zamu, na sidhani kama kulikuwa na mtu aliyelikumbuka jina lake jingine.

Kazi yake ilikuwa kugawa maji. Mfereji wetu ulitoka mto Mkondoa, pale maji yalipochepushwa kwa mawe, magogo na udongo. Mahali hapo palikuwa na mlango wa mbao, tukipaita banio. Kutoka banio maji yalipita katikati ya bustani za watu, kila bustani na kimlango chake, vitunguu huku, nyanya kule, majaruba ya mpunga pale chini, mpaka kwenye tuta la reli. Hapo yakaisha. Bibi Zamu ndiye aliyesema leo nani anafungua, kesho nani, na nani anangoja. Hakuwa na cheo wala mshahara, na muhuri ulikuwa mezani kwangu mimi, Katibu wa kijiji. Lakini mtu akitaka maji hakuja kwangu!

Na alipima zamu kwa nini? Kwa treni! Ndiyo, kwa treni. Saa ya mkononi wakati ule ilikuwa ya stesheni masta na mwalimu mkuu, basi. Zamu ya kwanza ilianza treni ya abiria kutoka Dar ilipopiga honi ikiingia stesheni. Iliisha lilipopita garimoshi la mizigo la kuteremka kwenda Dar, ikaanza ya pili. Treni ikichelewa, aliyefaidi maji ya ziada aliyarudisha zamu iliyofuata. Hayo aliyaita maji ya treni, na hakuna aliyemdanganya, kwa sababu alikuwa na kijiti chake amekichomeka kando ya banio, anatazama kivuli.

Siku moja nikamwuliza kijuaji, maana nilikuwa kijana wa shule ya misheni kutoka milimani na nilijiona nimesoma sana.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, Katibu."

"Kama kivuli unacho, treni ya nini tena?"

Akanitazama kwa huruma kabisa. "Kivuli nakiona mimi peke yangu," alisema. "Honi tunaisikia wote."

Nilirudi ofisini. Nilikaa miezi kadhaa nikiandika taarifa juu ya haki na usawa, na sikuwahi kuandika jambo lililofikia hilo.

Sasa nikuambie habari ya Fundi Cherehani. Huyu alikuwa na bustani ya kwanza kabisa kutoka banio, na mdomo wa kwanza kabisa kwenye mkutano. Alishika sheria pale tu sheria ilipomshika mkono yeye. Mwaka mmoja, masika yakiwa yamechachamaa huko juu, reli ikakatika mahali fulani na treni ya mizigo haikupita. Zamu ilikuwa ya Fundi. Watu wengine hawakuhitaji maji, mvua ilikuwa inawatosha, lakini Fundi alikataa kufunga kimlango chake. "Treni imepita?" anauliza. "Haijapita. Basi zamu yangu haijaisha!" Akaketi mlangoni kwake, mguu juu ya mguu, anapiga mluzi.

Tulimwendea Bibi Zamu akamkanye. Unajua alifanya nini? Alibeba kigoda akaenda kuketi karibu na Fundi. "Usimguse," alituambia. "Fundi anasema kweli. Zamu yake haijaisha." Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Maji yalijaa ndani ya bustani ya Fundi, vitunguu vinaelea! Bibi Zamu anamwuliza kwa adabu zote, "Tukufungie, Fundi?" Fundi anasema, "Treni!" Siku ya tatu treni ikapita, na vitunguu vyote vilikuwa vimeoza. Tulicheka mpaka watu wakalala chini. Fundi hakusema neno kwa wiki nzima, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea.

Sabuni ilikuwa vita yake nyingine. Kufua na kuoga kwa sabuni kulikuwa chini ya bustani zote, si juu yake. Akikukuta juu, hapigi kelele wala hakupeleki popote. Anaichukua sabuni yako. Tena hakurudishii! Nyumbani kwake kulikuwa na ubao mzima wa vipande vya sabuni, vyeupe, vya bluu, vingine vimekauka na kupasuka. Mwanamke akijifungua kijijini, Bibi Zamu anatokea na kapu la sabuni. Mimi mwenyewe nilichangia vipande viwili, na nilivitambua baadaye kwa mke wa mwalimu.

Kitu kilichonishangaza kuliko vyote ni kwamba hakuwahi kuuchukua mto mzima. Hata kiangazi kikali, watu wakilia, nusu ya maji ya Mkondoa aliyaacha yapite zake. Alikuwa na jiwe moja mtoni. Jiwe likianza kuonyesha mgongo, anapunguza mlango wa banio, na hapo usimwambie kitu. Mikuyu ya ukingoni nayo hakuna kugusa, hata tawi la mpini wa jembe.

"Tunaacha maji yanakwenda bure," nilimwambia.

"Yanakwenda kwa watu wa chini."

"Unawajua hao watu wa chini, Bibi?"

"Siwajui. Wewe ukiwa na kiu, mpaka nikujue?"

Lakini msidhani nawaletea malaika hapa. Alikuwa na mambo yake! Mwanamke aliyeweza kugombana na mtu nusu ya asubuhi kwa sababu ya kimlango kinachovuja, alioga kwa debe zima la maji, kila siku, taratibu, akiimba. Alichukia mikutano, akasema ni kazi ya watu waliochoka miguu, na hakukosa mkutano hata mmoja. Aliketi mbele. Alikataza orodha ya zamu isiandikwe, akidai mtu akiandikiwa anaacha kukumbuka. Halafu darasa la watu wazima lilipoanza, yeye ndiye aliyefika wa kwanza, na alipoweza kuandika "zamu" kwa chaki alishangilia akamkumbatia mwalimu. Na kusema uongo alikuchukia kuliko tope kwenye mfereji. Sijawahi kumsikia akisema uongo, ila mara moja, nami nilikuwa pale.

Sheria zake zilikuwa mbili tu, na hata mtoto wa darasa la kwanza aliweza kukutajia. Ya kwanza: asiyechimba hapewi maji. Kila mwaka kabla ya kiangazi palikuwa na siku ya kusafisha mfereji. Kila nyumba ilitoa mtu na jembe, kutoka banio hadi reli, mnazoa tope, mnaziba nyufa, mnakata matete. Nyumba isiyotoa mtu haikuwa na zamu mwaka huo. Ya pili: anayefungua maji bila zamu yake anakosa maji msimu mzima. Hakukuwa na kuomba msamaha. Mdogo wake wa tumbo moja aliwahi kupatikana na kosa hilo, na alikaa msimu mzima bila tone, na bado walikula pamoja kila jioni.

Ukaja mwaka wa kuhamia vijijini. Watu walishushwa kutoka milimani kwa malori, wengine kwa miguu, na vitanda na kuku na mlango wa nyumba kichwani. Wakaguru wenzangu, watu wa kanisa, hawajawahi kuishi na mbu wa bondeni. Wazazi wangu walikuwamo. Walipewa viwanja ng'ambo ya reli, pale mfereji ulipoishia. Mama alipima kiwanja chake kwa macho, akaniambia kwa Kikaguru, "Udongo ni mzuri. Maji yako wapi?"

Nikamwambia yanakuja. Nilikuwa Katibu! Nilisema kwa kifua.

Sasa tazama mkasa. Siku ya kusafisha mfereji ilikuwa imeshapita walipofika. Hawakuchimba kwa sababu hawakuwapo. Watu wa zamani, wengi wao Waislamu wa bondeni waliokuwa wamelima hapo tangu zamani, waligawanyika. Wengine waliona huruma. Fundi Cherehani hakuona. "Wametukuta na maji yetu," alisema mkutanoni. "Wangoje mwakani wachimbe kama sisi." Na kusema kweli sheria ilikuwa upande wake, ndiyo iliyoniuma. Wageni walikuwa wanachota maji ya kunywa mtoni kwa ndoo, lakini bustani huwezi kuinywesha kwa ndoo kiangazi kizima. Miche ya mama ilianza kulala saa nne ya asubuhi. Ya jirani yake ilikuwa imekufa tayari, na baadhi ya watu walianza kufunga mizigo warudi milimani, jambo ambalo serikali isingelikubali. Kama bustani zile zingekauka, watu wale wangekaa ng'ambo ya reli wakiwa na njaa na chuki, na kijiji kingekuwa viwili.

Nikaandika amri. Niliipiga muhuri vizuri, maji yagawanywe sawa kwa kaya zote kuanzia Jumatatu. Nikampelekea banio, nikamsomea.

Aliisikiliza mpaka mwisho. "Imeandikwa vizuri," alisema. "Nikiivunja sheria leo kwa sababu yako, kesho Fundi ataivunja kwa sababu yake. Nipe siku chache, natafuta njia."

"Miche haina siku chache, Bibi!"

"Najua. Nipe siku chache."

Sikumpa. Hapo ndipo ujinga wangu unapoanza, na nausema wote. Bibi Zamu alikuwa akiuza mihogo ya kuchemsha na ndizi kwa abiria, kwa hiyo treni ya Dar ilipoingia alikuwa stesheni bila shaka yoyote. Asubuhi ya siku ya tatu nilingoja nisikie honi, nikachukua jembe, nikaenda banio, nikang'oa mbao zote. Zote! Nilifikiri maji hayafiki ng'ambo kwa sababu mlango ni mdogo. Niliona Mkondoa unaingia kwa nguvu, nikaruka kwa furaha, nikaanza kukimbia sambamba na maji kama mtoto anayekimbiza gurudumu. Niliwaza mama ataona tu yanamfikia.

Chini ya tuta la reli palikuwa na karavati, tundu la saruji la kupitishia maji ya mvua. Nilijua yatapita humo yatokee ng'ambo. Nisichojua ni kwamba karavati lilikuwa limeziba kwa matete na tope la miaka mingi. Bibi Zamu alijua, ndiyo maana hakuwahi kuyaruhusu maji mengi yafike pale. Ningemwuliza angeniambia. Sikumwuliza!

Maji yakafika, yakagonga, yakarudi. Yakaanza kupanda kwenye tuta. Nikaona udongo unamong'onyoka, kokoto za reli zinaporomoka moja moja, kisha kwa mafungu, na huku nasikia kwa mbali garimoshi la mizigo linakuja. Nilipiga kelele, sikumbuki nilisema nini. Aliyetuokoa ni nyapara wa genge la reli, mzee mmoja mkali, aliyekuwa karibu na watu wake. Alikimbia kuelekea kwenye treni na bendera nyekundu juu, anaipunga kwa mikono miwili, na vijana wake wanakimbia huku wakipiga vyuma. Treni ilianza kufunga breki. Mlio ule! Ilikuja, ikaja, ikasimama mbali kidogo tu na pale kokoto zilipoporomokea. Mtu mmoja alikuwa amekimbilia banio kufunga mlango. Watu walimiminika kutoka kila upande, na Bibi Zamu alikuja mbio kutoka stesheni, sinia la mihogo bado kichwani.

Nyapara alirudi jasho linamtoka. Sijawahi kumwona mtu amekasirika vile.

"Nani kafungua maji?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya wote na suruali ya kaki imelowa tope mpaka magotini. Bibi Zamu alinitazama usoni, akatazama magoti yangu. Akashusha sinia.

"Mimi," alisema.

"Wewe ndiye mwenye mfereji?"

"Ndiye mwenye zamu. Nimefungua mimi."

Nyapara akamwambia kwamba angeandika kwa wakubwa wake mfereji ule uzibwe kwa saruji usionekane tena, na aliyefanya vile apelekwe mbele ya sheria. Bibi Zamu alimsihi. Sikuwahi kumwona akimsihi mtu. Mwisho nyapara alilegea kidogo. Watu wake wangetengeneza reli siku ile ile treni ipite. Kijiji kilipewa siku tatu, tuta lishindiliwe upya na karavati lizibuliwe mpaka aone mwanga upande wa pili. Asipoona mwanga, mfereji basi.

Aliponipita akaniambia kwa sauti ndogo, ambayo sikujua kama anayo, "Nenda kabadili suruali."

Nikaenda. Nilikwenda nikabadili suruali! Mpaka leo nikikumbuka nasikia aibu masikioni.

Niliporudi nilimkuta juu ya tuta anaita. Hakuwa anaita zamu za bustani, alikuwa anaita siku ya kusafisha mfereji, katikati ya kiangazi! Kila nyumba itoe mtu na jembe, ya upande huu na ya ng'ambo. Fundi Cherehani alimrukia. "Ng'ambo wanaingiaje? Wale hawakuchimba!"

"Ndiyo nawaita wachimbe."

"Siku ya kuchimba ilishapita, Bibi!"

"Mfereji ule ulikufa leo asubuhi, nimeuua mimi, wote mmeona," alisema. "Huu tunaoanza sasa ni mwingine. Atakayekuwapo ana zamu. Asiyekuwapo hana, na wewe Fundi ukiwamo."

Fundi akaenda kuchukua jembe lake, akilaani njia nzima.

Siku tatu zile sitazisahau. Banio limefungwa, jua kali, bustani zote zinangoja, na watu wamejaa kwenye lile tuta tangu alfajiri. Watu wa milimani walikuja wote, wanaume kwa wanawake, na wimbo wao wa kulimia. Watu wa bondeni wakajibu na wao. Mama yangu alikuwa ndani ya karavati, tope mpaka kiunoni, anavuta matete na kuyapokeza kwa mke wa Fundi, na hawakuwa na lugha moja ila Kiswahili cha kuombea chumvi, na walicheka pamoja kutwa nzima. Siku ya tatu mchana nyapara alikuja, akainama, akachungulia. Akaona mwanga! Watu walipiga vigelegele mpaka nyapara mwenyewe akacheka.

Bibi Zamu akatangaza zamu mpya pale pale. Kaya zimeongezeka, kwa hiyo kila zamu inapungua. Alianza na watu wa banio kushuka chini, kila mtu akapunguziwa, na jiwe lake la mtoni likabaki pale pale, hakuongeza hata kidogo kutoka kwenye nusu ya watu wa chini. Maji yalivuka reli jioni ile. Nilimwona mama amesimama kwenye tuta lake miguu mitupu, maji yanampita vidoleni, analia.

Mwisho Bibi Zamu akasema, "Na sheria ya pili mnaijua. Nimefungua bila zamu. Sina maji mpaka msimu uishe."

Watu walikataa. Baba Mapacha alisema, Bibi, wewe ulikuwa unawasaidia wageni, acha hayo. Akamwuliza, "Mdogo wangu nilimwachia?" Yakaisha.

Bustani yake ilikuwa njiani kwangu kwenda ofisini. Kila asubuhi niliipita. Kwanza nyanya zilijikunja, halafu bamia zikadondosha majani, na mchicha ukawa kuni. Yeye yuko banio anaita zamu za wengine kwa sauti ile ile. Mimi naamkia, "Shikamoo, Bibi," anaitikia, "Marahaba, Katibu," na sisemi neno. Niliogopa kazi. Niliogopa Fundi. Baadaye niliogopa kwamba nimechelewa. Na Fundi kila mkutano, hata wa mambo ya shule, lazima achomekee, "Tusije tukavunjiwa tena kama Bibi alivyotuvunjia." Watu wanacheka, naye anacheka, mimi natazama karatasi zangu.

Unajua nililipwa nini kwa yote hayo? Katibu Kata aliandika kwamba kijiji changu kimeonyesha moyo wa ujamaa kwa kutengeneza tuta la reli, na nikapandishwa cheo! Nikahamishiwa Kilosa mjini. Nikapata nyumba mtaa wa Mabwerebwere, baiskeli mpya, na meza yenye droo. Baadaye nikapelekwa Mikumi, nikarudishwa tena Kilosa. Miaka kumi na ushee ilipita. Nilikuwa na watoto, na kila niliposikia honi ya treni niliona bamia zile.

Siku moja, sijui kilichonisukuma, nilipanda treni nikaenda Kidete. Nilimkuta nyumbani kwake, amekonda, macho yameanza ukungu, lakini alinitambua kwa mwendo kabla sijaamkia.

"Katibu! Umenenepa hata hatua zako zimekuwa nzito."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Niliketi, na nikasema yote kwa mkupuo, banio, jembe, mbao, suruali. Nilimwambia aliniokoa na sikuwahi kumshukuru. Nilikuwa nalia, mtu mzima mimi.

Alingoja nimalize. "Nani kakuokoa wewe?" aliuliza. "Usijipe kichwa."

"Sasa ulisema ni wewe kwa ajili gani?"

"Ungesema ni wewe, Fundi angesema ni nyinyi. Wamefika juzi, leo wamevunja reli, warudi kwao. Mama yako angepata wapi maji? Mimi nikivunja, nimevunja mimi peke yangu." Akapangusa macho yake kwa kanga. "Wewe nilikuwa nataka kukukaba koo."

Nilicheka huku nalia. Nikamwambia nataka kusema mbele ya watu. Akaniuliza kama nasema hivyo kwa moyo au kwa machozi. Nikasema kwa moyo. Akasema kesho ni siku ya kusafisha mfereji, nilale kwa mama, asubuhi nije na jembe.

Asubuhi tulikuwa wengi, watu wa bondeni na watu wa milimani, na sasa usingeweza kuwatenga, watoto wao wameoana. Bibi Zamu aliletwa akiwa ameshikwa mkono. Nilisimama kwenye ukingo nikasema. Sikupamba. Fundi Cherehani, mvi kichwa kizima, alivua kofia yake. Alimgeukia Bibi Zamu, akabaki anaizungusha kofia mikononi.

"Fundi, vaa kofia, kuna jua," Bibi Zamu alimwambia. Kisha akapaza sauti, na ilikuwa bado ipo, ile ile! "Sheria ya pili mnaijua?"

"Tunaijua!"

"Aliyefungua bila zamu?"

"Msimu mzima!"

"Lakini Bibi," alisema Baba Mapacha, "Katibu ni mtu wa Kilosa sasa. Hana bustani hapa. Tutamnyima maji ya wapi?"

"Anayo," alisema Bibi Zamu. "Matuta mawili ya kwangu, nimempa leo asubuhi. Katibu, yapande."

Nikayapanda, moja bamia, moja mchicha. Kila Jumamosi nilipanda treni kutoka Kilosa kuja kuvitazama vikifa, nimekaa chini kwenye udongo na suruali ya kazini, watu wananipita wananiambia pole. Maji yalikuwa yakipita hatua mbili kutoka pale nilipokaa, na sikuyagusa.